Albamu: ninunue CD, santuri au faili za kupakua?

Mwana_Albamu

Wakuu, salaam. Mimi husikiliza albamu nzima, si wimbo mmojammoja, na nataka nianze kujenga maktaba ambayo miaka ishirini ijayo itakuwa bado yangu. Kinachonishinda ni kuchagua. Albamu ileile inauzwa kama CD, kama santuri, kama MP3, kama FLAC, na tena kama FLAC ya biti 24 kwa bei ya juu zaidi. Halafu kuna hizi huduma za kulipia kila mwezi, nazo zina kitufe cha kupakua.

Naomba kujua: hicho kitufe kina tofauti gani na kununua faili? Ipi ina sauti nzuri kwa kweli, achana na matangazo? Na ipi inadumu? Vifaa: kompyuta yenye kisoma CD, simu, amplifaya na spika mbili, redio ya gari yenye tundu la USB. Pleya ya santuri sina.

Fundi_Waya

Karibu mkuu. Tuanze na kitufe, maana ndicho kinachowachanganya wengi.

Ukipakua ndani ya programu ya huduma ya kila mwezi hupati faili ya muziki. Unapata kitu kilichofungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake anao mwenye huduma, na programu yake peke yake ndiyo inayoweza kukicheza. Ndiyo maana Spotify, kwa mfano, inakutaka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30 ili ihakikishe bado unalipa. Ukiacha kulipa, kwisha. Na hata ukilipa bila kukosa, mkataba kati ya huduma na lebo (kampuni inayotoa muziki) ukimalizika albamu inaondoka, au inabaki na nyimbo mbili tatu zilizogeuka kijivu. Wakati mwingine haiondoki ila inabadilishwa: jana ulikuwa unasikiliza toleo la zamani, leo limewekwa lililofanyiwa masta upya (sauti yake ya mwisho imepangwa upya), na hakuna aliyekuaga.

Kununua faili ni habari nyingine. Duka la iTunes lilipofunguliwa mwaka 2003 nyimbo zake zilikuwa na kufuli. Mwaka 2009 kufuli likaondolewa, na AAC (fomati iliyopunguzwa kama MP3) za kilobiti 256 zinazouzwa pale unazihamishia popote. Bandcamp (ilianza 2008) inakuachia uchague: MP3, AAC, FLAC, WAV na kadhalika. Qobuz nayo inauza FLAC. Ila usiligeuze duka kuwa ghala lako. Pakua siku uliyonunua, hifadhi kwako.

Kuna jambo moja ambalo CD na santuri zinaishinda faili moja kwa moja: unaweza kuziuza, kuziazimisha, kuzirithisha. Marekani kampuni iitwayo ReDigi ilijaribu kuendesha soko la faili za mitumba. Mahakama ikaikatalia mwaka 2013, na mahakama ya rufaa ikashikilia hivyohivyo mwaka 2018, kwa hoja kwamba kuhamisha faili ni kutengeneza nakala mpya. Kwa hiyo faili uliyonunua ni ya kusikiliza wewe. Soko la mitumba haina.

Bundi_wa_Studio

Kuhusu sauti. CD inabeba sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16, kwa chaneli mbili. Hiyo ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, sawa na takriban MB 10.6 kwa dakika. FLAC inachukua data hiyohiyo na kuibana ibaki kama nusu hadi theluthi mbili, na ukiifungua unarudishiwa kila biti ilivyokuwa. MP3 haifanyi hivyo: inatupa kile inachokadiria sikio halitakisikia. Albamu ya dakika 45 ukiiweka kama WAV, yaani bila kubanwa, inakula MB 476 hivi, kama FLAC MB 250 hadi 320, kama MP3 ya kilobiti 320 ni MB 108.

Je, utaisikia tofauti ya MP3 ya 320 na FLAC? Kwenye spika nyingi na masikio mengi, hapana. Sababu ya kununua FLAC si sauti ya leo. Ni kwamba kutoka FLAC unaweza kutengeneza fomati yoyote itakayokuja bila kupoteza kitu, wakati MP3 ukiigeuza kuwa AAC au MP3 nyingine inapunguzwa juu ya kupunguzwa. Na MP3 iliyogeuzwa kuwa FLAC inabaki MP3, imevaa koti kubwa tu.

Biti 24 na kHz 96 au 192 achana nazo kama bei imepanda kwa ajili ya namba hizo tu. Sampuli 44,100 zinafikisha sauti hadi kHz 22.05, na sikio la binadamu kijana linaishia kHz 20 hivi. La mtu mzima linaishia chini zaidi. Biti 16 zinatoa nafasi ya desibeli 96 kati ya kimya na kelele. Biti 24 zina kazi studio, wakati wa kurekodi na kuchanganya, ambapo mtu anahitaji akiba. Kwenye kusikiliza hazikuongezei kitu zaidi ya kujaza diski.

Kinachobadilisha sauti kweli ni masta. Albamu moja inaweza kuwa na CD ya miaka ya 1980 iliyoachwa na pumzi, halafu ikatolewa upya sauti ikiwa imebanwa (si ukubwa wa faili) hadi ngoma na sauti ya mwimbaji vinalingana ukubwa mwanzo hadi mwisho. Ifungue kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti: toleo lililobanwa linaonekana kama tofali, lisilo na vilele. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "CD au FLAC", uliza "toleo la mwaka gani". Ukiona maduka yote ya faili yana toleo jipya pekee, CD ya mtumba ndiyo njia ya kulipata lile la kwanza.

Tahadhari ndogo kwa wanaowinda CD za mwanzomwanzo: baadhi zilitengenezwa sauti zake za juu zikiwa zimeinuliwa makusudi, na pleya ya CD inazishusha zenyewe wakati wa kucheza. Ukinakili kwenye kompyuta bila programu kulijua hilo, unapata muziki mkali unaochoma masikio na unaanza kulaumu masta.

Kanda_na_CD

Nakubaliana na Bundi. Ushauri wangu kwa mleta mada: nunua CD pale ipatikanapo, inakili mara moja kwa usahihi kuwa FLAC, kisha irudishe kwenye kasha lake. Lakini "kwa usahihi" ndipo penye kazi. Programu nyingi za kawaida za kucheza muziki zinanakili haraka haraka, na zikikutana na mkwaruzo zinakisia bila kukwambia.

Safisha kwanza. Kitambaa laini kisichoacha nyuzi, unafuta kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Data imepangwa kwa kuzunguka, hivyo mkwaruzo unaokatiza njia unaharibu kidogo kila mzunguko na CD ina uwezo wa kujisahihisha. Mkwaruzo unaofuata njia unafuta data mfululizo, na ukizidi milimita 2.5 hivi usahihishaji kamili unashindikana.

Windows tumia Exact Audio Copy, Mac tumia XLD, Linux kuna whipper. Weka hali ya usomaji salama, ambapo programu inasoma kila sehemu na kuirudia pale majibu yanapotofautiana. Sahihisha mkengeuko wa kisoma CD chako: kila modeli huanza kusoma sampuli kadhaa mbele au nyuma ya mahali sahihi, na programu hizi zinautambua ukiweka CD inayojulikana kwenye hifadhidata ya AccurateRip. Hifadhidata hiyohiyo ndiyo hakimu wako mwishoni. Inalinganisha nakala yako na za watu wengine walionakili CD ileile. Zikilingana na za watu kadhaa, huna haja ya kunakili tena maishani. Hifadhi ripoti ya kazi hiyo pamoja na nyimbo.

Wimbo mmoja ukigoma: safisha tena, punguza kasi ya usomaji, kisha jaribu kisoma CD kingine. Usidharau hili la mwisho. Visoma CD vinatofautiana sana, na CD iliyoshindikana kwenye kimoja inapita bila tatizo kwenye kingine. Ikiwa mkwaruzo uko upande wa chini, plastiki inaweza kung'arishwa kwa sababu ina unene wa milimita 1.2 na data haiko pale. Data iko juu, chini kidogo tu ya maandishi ya lebo, imefunikwa na vanishi nyembamba. Mkwaruzo wa upande huo haurudi. Kwa hiyo unaponunua mtumba igeuze uimulike kwenye taa: ukiona nukta za mwanga zinapenya, ile karatasi ya alumini imeanza kutoboka.

Tazama pia kama ni CD iliyochapwa kiwandani au iliyochomwa. Ya kiwandani ni ya fedha chini. Iliyochomwa mara nyingi ina rangi ya kijani au buluu kwa sababu data imeandikwa kwenye tabaka la rangi, nayo hupauka kwa jua na joto. Ukiuziwa albamu ya aina hiyo inakili siku hiyohiyo.

Halafu majina. Programu ya MusicBrainz Picard itakujazia majina ya nyimbo, lakini hakikisha sehemu ya "msanii wa albamu" imejazwa na ni moja kwa nyimbo zote. Usipoijaza, albamu yenye wageni watano simu itaigawa kuwa albamu sita. Namba za nyimbo ziandike 01, 02, 03, la sivyo vifaa vingine vitapanga 1, 10, 11, 2.

Pakua_Tu

Wakuu mnamtwisha mzigo. Kama FLAC ya toleo lilelile inauzwa, biti ni zilezile zilizo kwenye CD. Kwa nini anunue sahani, aisubiri, aisafishe, ainakili, atafute majina, wakati anaweza kulipa na kupakua dakika tano? Kuna wasanii wengi sana siku hizi hawatoi CD kabisa.

Kanda_na_CD

Kama toleo ni lilelile na FLAC ipo, sikupingi, nunua FLAC. Unachopoteza ni kijitabu: nani alipiga besi, nani alitayarisha, ilirekodiwa wapi, maneno ya nyimbo. Faili nyingi huja na picha ya kava basi. Na kwa albamu zilizotoka kabla ya maduka ya faili, CD bado ina orodha pana zaidi. Ziko nyingi ambazo lebo zake zilifungwa na hakuna mwenye haki aliyezipandisha popote.

Ninachokataa ni MP3 kwa bei karibu na ya FLAC. Hapo unalipia kitu kile kile kikiwa kimepunguzwa.

Sindano_ya_Almasi

Hakuna aliyegusa santuri, ngoja niseme.

Kwa swali la "ipi ina sauti sahihi zaidi" santuri inashindwa, na mimi ni mtu wa santuri. Inazunguka mara 33⅓ kwa dakika bila kubadilika, kwa hiyo mfereji wa nje unapita chini ya sindano kwa takriban sentimita 50 kwa sekunde, na wa ndani karibu na lebo kwa 21 tu. Mawimbi yaleyale yanabanwa kwenye nafasi ndogo, ndiyo maana wimbo wa mwisho wa kila upande huwa na herufi "s" zinazokwaruza. Upande mmoja unabeba vizuri dakika 18 hadi 22. Ukiona albamu ya dakika 60 imesukumwa kwenye sahani moja, iache: wamelazimika kupunguza ukubwa wa sauti na besi ili mifereji itoshe. Uzito wa gramu 180 badala ya 140 haubadilishi mfereji, unapendeza mkononi.

Anayeinunua kwa ajili ya kava la sentimita 30, kwa kusikiliza upande mzima bila kuruka, au kwa sababu masta ya santuri haikubanwa kama ya CD, ana sababu za kutosha. Ila ajue gharama haziishii kwenye pleya. Amplifaya ikiwa haina tundu la phono (la pleya ya santuri) utahitaji kikuza sauti cha phono, kwa sababu sauti huchongwa kwenye santuri besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zimeinuliwa kwa kanuni iitwayo RIAA. Ukichomeka kwenye tundu la kawaida inatoka hafifu na nyembamba kama ya simu. Ukisikia mngurumo mfululizo, angalia ule waya mwembamba wa ardhi kama umefungwa kwenye amplifaya.

Uzito wa sindano weka kwa mizani, si kwa macho. Katriji (kichwa kinachoshika sindano) nyingi za kawaida zinataka gramu 1.5 hadi 2. Fuata kipimo cha mtengenezaji. Wengi huogopa uzito mkubwa na kuweka mdogo kupita kiasi, kumbe sindano nyepesi inarukaruka ndani ya mfereji na kuuchimba. Ncha ya almasi hesabu saa 500 hadi 1,000, kisha badilisha. Iliyolika haikwambii, inaharibu santuri kimya kimya.

Zisimamishe wima, usizilundike, usiziache karibu na joto. Santuri ya vinaili unaweza kuisafisha kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke yenye spiriti kidogo. Zile za zamani za mizunguko 78 usizipitishie spiriti kabisa, kwa sababu nyingi zimetengenezwa kwa sheleki na spiriti inaiyeyusha.

Na kama santuri inakuja na msimbo wa kupakua faili, soma ni fomati gani kabla ya kufurahi. Mara nyingi ni MP3, na misimbo mingine ina tarehe ya mwisho.

Mwana_Albamu

Asanteni sana. Nimeelewa: toleo kwanza, kisha CD au FLAC, santuri baadaye. Mambo mawili yamebaki. Redio ya gari inacheza faili nyingine na nyingine inaziruka, tena mpangilio wa nyimbo umevurugika ingawa kwenye kompyuta uko sawa. La pili, kuna faili za FLAC nimepewa na mtu. Nitajuaje kama ni FLAC za kweli?

Fundi_Waya

Redio nyingi za gari, hasa za zamani, hazisomi FLAC, na hazisomi flashi iliyofomatiwa exFAT au NTFS. Fomati flashi kuwa FAT32, tengeneza nakala za MP3 *kutoka kwenye FLAC* kwa ajili ya gari, za kilobiti 192 au 256. Kwa kelele za injini na barabara zaidi ya hapo ni kupoteza nafasi.

Mpangilio: redio za namna hiyo haziangalii jina wala namba, zinafuata mfuatano ambao faili ziliandikwa kwenye flashi. Ukivuta folda nzima kompyuta inaweza kuziandika ovyo. Ifute flashi, kisha nakili albamu mojamoja, au tumia programu ya kupanga jedwali la FAT (Windows kuna DriveSort, Linux kuna fatsort). Picha ya kava isipoonekana, ipunguze iwe JPEG ya kawaida ya pikseli 500 hivi. JPEG ya aina inayojitokeza kidogokidogo redio nyingi haziielewi.

Utasikia pia kimya kifupi kati ya nyimbo kwenye albamu za jukwaani, ambazo nyimbo zake zinaungana bila kukatika. MP3 huongeza vipande vya ukimya mwanzoni na mwishoni mwa kila faili, na redio haijui kuvikata. FLAC haina tatizo hilo. Kwa gari, albamu ya namna hiyo igeuze kuwa faili moja ndefu.

Bundi_wa_Studio

Kuhusu FLAC za kupewa: zifungue kwenye Spek, inakuonyesha masafa ya wimbo kwa rangi. Iliyotokana na MP3 ya kilobiti 128 inakatika karibu na kHz 16 kama imekatwa kwa rula, tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Ya 320 inakatika karibu na kHz 20, na hiyo ni ngumu zaidi kuihukumu. Usikurupuke lakini: rekodi za zamani kutoka kwenye kanda hazikuwa na sauti za juu tangu mwanzo. Hizo hufifia taratibu, hazikatiki.

Amri ya `flac -t` ni kitu kingine. Inapima kama faili imeharibika baada ya kutengenezwa, kwa kulinganisha na alama iliyohifadhiwa ndani yake. Haikwambii ilitokana na nini. Lakini iendeshe kwenye maktaba yote angalau mara moja kwa mwaka, maana diski huanza kufa kwa kuharibu faili mojamoja na hutajua mpaka ufike kwenye wimbo huo.

Diski ya TB 1 inabeba albamu zaidi ya 3,000 za FLAC, kwa hiyo nafasi si kisingizio. Weka diski mbili nyumbani na nakala ya tatu mahali pengine kabisa. Flashi na memori kadi ni za kubebea. Zinapoteza chaji zikikaa miaka bila umeme. Na programu inayosawazisha folda mbili usiiite akiba: ukifuta albamu upande huu kwa bahati mbaya, inafuta na upande ule.

Mwana_Albamu

La mwisho. CD nikishazinakili na kuhakikisha, niziuze?

Kanda_na_CD

Usiuze. Sheria za nakala binafsi zinatofautiana nchi hadi nchi, lakini penye kuruhusiwa, ruhusa kwa kawaida inategemea kuwa bado una ile uliyonunua. Pia ndiyo akiba yako ya nne, isiyohitaji umeme.

Zisimamishe ndani ya makasha, mbali na jua. Usibandike stika juu ya lebo na usiandike kwa kalamu ya wino yenye ncha ngumu. Unapoitoa, bonyeza vijino vya katikati kwanza, usiikunje kwa kuivuta ukingoni. Na ukinunua yale makasha mapana ya CD mbili ya zamani, mengine yana kipande cha sponji ndani. Kitoe ukitupe hapohapo: kinaoza, kinanata kwenye CD, na kinakula upande wa lebo.